Kupunguza uzito wa Windows bila kuiacha uchi

Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zilifanya kazi kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba. Ni mashine imara, zenye kibodi nzuri kuliko nyingi mpya za bei hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba nyingi zina RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka, halafu zinabebeshwa Windows 10 au 11. Unawasha, unakwenda kuandaa chai, unarudi bado kiduara kinazunguka. Ukimpelekea fundi, jibu analo mdomoni: "Ngoja nikupigie Windows nyepesi." Anachomeka flashi yake, na jioni unarudishiwa kompyuta inayowaka haraka. Wengi hatuulizi ni kitu gani kimetolewa ndani yake ili iwake hivyo.

Kupunguza mfumo endeshi na kuulinda ni kazi mbili zinazoweza kusaidiana, na zinazoweza pia kuumizana. Kuna vipande vya Windows ambavyo ukivitoa mashine inakuwa nyepesi na salama zaidi kwa mkupuo mmoja. Kuna vingine ambavyo ukivitoa unapata sekunde chache za haraka, na kwa sekunde hizo umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Vyote viwili huitwa "takataka" kwenye video za mafunzo, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kwanza ujue uzito uko wapi

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha tazama safu za CPU, Memory na Disk wakati mashine imelemewa. Kwenye kompyuta za aina hii mara nyingi utakuta Disk imefika asilimia 100 huku CPU ikiwa haina kazi kubwa. Diski inayozunguka ina kichwa cha kusomea kinachosogea huku na huko juu ya sahani, na kwa maombi madogo madogo yaliyotawanyika inamudu kama mia moja tu kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya kawaida ya SATA inamudu makumi ya maelfu. Windows inapowaka huomba maelfu ya vifaili vilivyo mbalimbali, ndiyo maana mtu anaweza kufuta nusu ya programu zake asione tofauti ya maana. Kuitoa diski hiyo na kuweka SSD ya GB 240 kunashinda kila ujanja utakaousoma hapa chini, na hakugusi ulinzi hata chembe. Kama una fedha ya jambo moja tu, liwe hilo.

Ikiwa iliyojaa ni Memory, mshukiwa wa kwanza ni kivinjari chenye tabo nyingi. Hapa kuna ushauri mmoja mbaya unaozunguka sana: uzime page file kwa sababu "inakula diski". Page file ni eneo la diski ambalo Windows hulitumia RAM inapozidiwa. Kwenye mashine ya GB 4 ukiizima, RAM ikijaa hakuna pa kukimbilia. Programu zinafungwa zenyewe na kazi ambayo hukuihifadhi inapotea. Iache kama ilivyo.

Vya kutoa bila hofu

Kundi salama kuliko yote ni programu ambazo hukuziomba. Fungua Settings, nenda Apps, uzitoe moja moja: majaribio ya antivirusi yaliyokwisha muda, michezo, vizindua vya watengenezaji, visaidizi vya printa uliyoiuza zamani. Kisha rudi Task Manager, sehemu ya Startup apps, uzime kila kinachojiwasha pamoja na kompyuta bila sababu. Spotify haina haja ya kuamka kabla yako. Kazi hii huleta nafuu ya kweli, hasa kwenye diski inayozunguka, kwa sababu inapunguza msongamano ule ule wa dakika za mwanzo.

Na hapa wepesi na usalama vinakwenda pamoja. Mwaka 2014 kampuni ya Lenovo ilianza kuuza baadhi ya kompyuta mpakato zake zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ili iweze kupenyeza matangazo hata ndani ya kurasa zilizofungwa kwa HTTPS, programu hiyo iliweka ndani ya Windows cheti chake cha mzizi, yaani muhuri ambao kompyuta huutumia kuamua tovuti ipi ni ya kweli, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa ule ule katika kila mashine. Watafiti walipoutoa ufunguo huo mwanzoni mwa 2015, ilidhihirika kwamba mtu aliye kwenye Wi-Fi moja nawe angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kisishtuke. Programu ya matangazo iliyoonekana kuwa kero tu ilikuwa imevunja kufuli la intaneti nzima kwa mwenye mashine. Kila programu unayoitoa ni msimbo mmoja pungufu unaoweza kuwa na kasoro.

Vipi kuhusu programu za Microsoft wenyewe: Xbox, Solitaire, habari na hali ya hewa kwenye upau wa chini, Copilot, OneDrive kwa asiyeitumia? Toa. Nina sababu mbili za kusema hivyo kwa uhakika. Ya kwanza ni kwamba Microsoft wana toleo lao lililopunguzwa, liitwalo LTSC, wanalowauzia wenye mashine za hospitali, viwanda na ATM. Halina duka la programu wala michezo. Lakini tazama walichokiacha ndani yake: Defender, antivirusi ya Microsoft wenyewe, ipo, na masasisho ya usalama yanakuja kila mwezi. Wenye mfumo wao, walipoamua kukata, hawakukata hapo. Ya pili ni kwamba tangu 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya imewalazimu kuwaruhusu watumiaji wa huko kuondoa hata kivinjari cha Edge, na kompyuta zao zinafanya kazi vizuri.

Sisi huku hatujapewa ruhusa hiyo ya Edge, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Skripti (mafaili ya amri zinazojiendesha) nyingi zinazoing'oa kwa nguvu huondoa pia WebView2, injini ambayo programu nyingine huitumia kuonyesha kurasa ndani yake. Siku mbili baadaye Outlook mpya au Teams inagoma kufunguka, na mwenye mashine hajui aanzie wapi. Ukiweka kivinjari kingine na kuizuia Edge isijiwashe, umepata karibu kila ulichokitaka.

Programu za "kusafisha rejista" zipuuze kabisa. Rejista ni hifadhi ya mipangilio, na maingizo machache yaliyokufa ndani yake hayaicheleweshi kompyuta. Microsoft hawaungi mkono matumizi ya programu hizo. Tena 2017 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya watengenezaji wa CCleaner, programu maarufu kuliko zote za aina hii, na toleo la 5.33 likasambazwa likiwa na kirusi ndani, likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Walichokuwa wanatafuta watumiaji hao ni kompyuta safi.

Huduma: pale mkasi unapokuwa ulinzi

Chini ya programu kuna huduma, yaani kazi zinazoendelea kimyakimya bila dirisha. Ukiandika services.msc utaziona, zaidi ya mia. Orodha za mtandaoni zinazokuambia uzime hamsini kwa mpigo ni za kuogopwa, kwa sababu nyingi kati ya hizo hulala hadi zitakapoitwa, hazili chochote, na baadhi hutegemeana kwa namna isiyoonekana. Lakini mbili tatu zinastahili kuelezwa.

SMBv1 ni lugha ya zamani ambayo kompyuta zilitumia kugawana faili na printa kwenye mtandao wa ndani. Kasoro iliyokuwa ndani yake ilizibwa na Microsoft tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kilitumia kasoro ile ile kuruka kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote, kikifunga mafaili na kudai malipo ya bitcoin. Hospitali za Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambazo hazikuwa zimesasishwa kwa miezi hiyo miwili. Matoleo ya Windows kuanzia mwishoni mwa 2017 hayaiweki tena SMBv1, ila ofisi zenye fotokopi kongwe huiwasha ili skana ifanye kazi. Fungua "Turn Windows features on or off" uangalie. Kama imewashwa na huna kifaa cha namna hiyo, izime. Umeifanya mashine iwe nyepesi kidogo na salama sana.

Mfano wa pili ni Print Spooler, huduma inayopanga foleni ya kuchapisha. Huwaka kwenye kila Windows, hata isiyowahi kuona printa, na hufanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Kasoro ya PrintNightmare ilipofichuka katikati ya 2021, ushauri wa dharura wa Microsoft ulikuwa kuizima huduma hiyo hadi sasisho lipatikane. Mwenye kompyuta ya nyumbani isiyochapisha hana sababu ya kuiacha iwake leo. Mwenye stationery, bila shaka, aiache na asasishe.

SysMain na Windows Search hazihusiani na usalama. Ya kwanza hukisia programu utakayofungua na kuipakia mapema. Ya pili huorodhesha mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Kwenye diski inayozunguka zinaweza kuibana mashine. Zima moja, tumia kompyuta siku kadhaa, uone. Hakuna kitakachovunjika.

Windows iliyopikwa na mtu mwingine

Turudi kwa ile flashi ya fundi. Mara nyingi ndani yake kuna faili la ISO, yaani nakala nzima ya kusakinishia Windows, lililotengenezwa na mtu asiyejulikana, likapakuliwa kutoka Telegram au tovuti ya kupakua bure, likiwa tayari limeaktivetiwa. Mtengenezaji amekata programu zisizo na kazi, sawa. Lakini ili apate ukubwa mdogo wa kujivunia, amekata pia Defender, amezima SmartScreen inayokuonya kuhusu mafaili mabaya, na ameondoa folda ya WinSxS.

WinSxS inahitaji maelezo kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ukiipima itaonekana kubwa mno, GB kadhaa. Sehemu ya ukubwa huo ni hesabu ya kudanganya: mafaili mengi yaliyomo yana majina mawili, moja ndani ya WinSxS na jingine ndani ya System32, lakini kwenye diski ni faili moja. Muhimu zaidi, hiyo ndiyo ghala ambayo Windows Update huitumia kujenga kila sasisho. Ghala isipokuwepo, masasisho hayaingii. Mradi wa tiny11 wa msanidi ajulikanaye kama NTDEV unaweka jambo hili wazi: tiny11 ya kawaida inasasishika, ilhali ile iitwayo core haina ghala hiyo na mwenyewe anasema si ya matumizi ya kila siku. Huo ni uungwana, kwani skripti yake inasomeka na unaiendesha juu ya ISO uliyoipakua mwenyewe kutoka Microsoft. Hilo ni jambo tofauti kabisa na ISO iliyoiva jikoni kwa mtu usiyemfahamu. Kama shida yako ni nafasi, Windows ina amri yake ya kusafisha ghala bila kuivunja:

Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Kisha kuna kiaktiveta, programu ya kuifanya Windows ijione ina leseni wakati haina. Mara nyingi programu ya namna hiyo inakuomba mambo mawili kabla ya kufanya kazi: uzime antivirusi, na uiendeshe kama msimamizi. Hakuna kirusi kinachohitaji zaidi ya hayo. Inawezekana kilichomo ni kuaktiveti tu. Inawezekana pia ni mwizi wa nywila atakayechukua kila kilichohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na barua pepe unayoitumia kurejesha akaunti zako nyingine zote. Huwezi kujua kwa kutazama, kwa sababu vyote viwili huishia kwa ujumbe ule ule wa kijani.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaingia hatari hii bila haja. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 10 mara nyingi ina ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya ubao mama. Pakua ISO halisi kutoka tovuti ya Microsoft, weka toleo lile lile lililokuwemo, Home kwa Home au Pro kwa Pro, unganisha intaneti, nayo itajiaktiveti. Na hata isipojiaktiveti, Windows halali isiyoaktivetiwa inaendelea kufanya kazi: utaona maandishi hafifu kwenye kona na hutaweza kubadilisha picha ya ukuta kupitia Settings, lakini masasisho ya usalama yanakuja na Defender inafanya kazi. Maandishi hayo kwenye kona yana madhara madogo mno kuliko kiaktiveta.

Masasisho na bando

Watu hawazimi masasisho kwa ukaidi. Wanayazima kwa sababu bando la wiki limeisha ndani ya nusu saa. Malalamiko hayo ni ya haki, na dawa yake ipo bila kung'oa Windows Update.

Nenda kwenye mipangilio ya mtandao uliounganishwa, uwashe "Metered connection". Windows itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe, nawe utachagua siku ya kuyapakua, labda ukiwa kazini au chuoni kwenye Wi-Fi ya bure. Unaweza pia kuyasimamisha kwa muda wa hadi wiki tano. Yanatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi na kila moja hubeba yale ya nyuma, kwa hiyo aliyekosa miezi mitatu hupakua la mwisho tu. Halafu tafuta "Delivery Optimization", uhakikishe haijaruhusiwa kuwapelekea watu wa intaneti vipande vya masasisho kutoka kwako. Hilo hula bando la kupandisha. Chaguo la mtandao wa ndani liache. Kwenye ofisi au duka lenye kompyuta kumi, moja ikishapakua, zilizobaki huchukua vipande kutoka kwake badala ya kila moja kwenda nje.

Akaunti unayoingilia

Kuna badiliko moja lisiloongeza kasi wala kupunguza ukubwa, halitajwi kwenye video za wepesi, na mimi naliweka karibu na SSD kwa thamani. Windows inapowekwa, akaunti ya kwanza huwa ya msimamizi. Kila unachokiendesha kinaweza kuomba mamlaka yote, na wewe kwa mazoea unabofya Yes. Tengeneza akaunti ya pili iwe ndiyo ya msimamizi, yenye nywila nzuri, kisha ile ya kila siku uishushe iwe Standard user. Kuanzia hapo kitu kikitaka kugusa mfumo, haitoshi kubofya, nywila inahitajika. Kwa kompyuta ya familia ambayo watoto wanapakulia michezo, au ya duka ambayo flashi za wateja zinaingia na kutoka siku nzima, hiki ni kizuizi kikubwa. Wakati uko hapo, ndani ya Windows Security washa "Controlled folder access" ili programu zisizojulikana zisiweze kuandika juu ya mafaili yako ya Documents na Pictures. Itakusumbua mwanzoni kwa maonyo, kisha itatulia.

Usimbaji wa diski, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo, nao usiuzime kwa kutafuta kasi. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, ikiwekwa upya na kuingiwa kwa akaunti ya Microsoft, huusimba mfumo yenyewe bila kukuuliza. Hilo ni jema mashine ikiibwa. Ubaya ni pale ubao mama unapobadilishwa na skrini inadai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujui uko wapi. Uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa. Uchukue leo, uuandike kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye mfuko wa kompyuta.

Mwenye Windows 10 afanyeje

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, masharti yanayoziacha nje nyingi ya zile kompyuta za Kariakoo. Yapo mabadiliko ya kuyakwepa, na kompyuta itafanya kazi, ila Microsoft hawaahidi kwamba itaendelea kupata masasisho, na prosesa kongwe zaidi haziwezi hata kuiwasha 24H2.

Kwa mwenye Windows 10 toleo la 22H2 kuna mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiunga ndani ya Windows Update, bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Nashangaa jinsi wachache wanavyoujua.

Baada ya hapo, kwa mashine ya GB 4 isiyokidhi masharti, pendekezo langu ni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure usio wa Microsoft, katika toleo lake jepesi la Xfce. Upau uko chini, menyu iko kushoto, LibreOffice inafungua hati za Word, na masasisho yake hayaulizi prosesa yako ni ya kizazi gani. Anayetegemea programu ya uhasibu au ya mashine ya risiti inayofanya kazi Windows tu asiiguse kabla ya kumuuliza aliyemuuzia programu hiyo. Wengine waiandike kwenye flashi ya GB 8 na kuiwasha kutoka humo bila kuisakinisha. Jaribu Wi-Fi, printa, sauti na modemu yako ukiwa bado kwenye flashi. Ukiona vyote vinakubali, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, fungua mawili matatu kutoka huko kuhakikisha yanafunguka, ndipo ubonyeze Install.